Vidonge Vilivyofichwa Asubuhi Vikatolewa Mchana

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kumlaghai fisi, bali zamani ya hapa karibu, wakati simu zilishaingia lakini chaji mtu anaifuata sokoni kwa miguu, palikuwa na chuo cha matabibu juu ya kilima kiitwacho Kilimanyuki. Na katika chuo hicho palikuwa na mgonjwa mmoja aliyeumwa kuliko wagonjwa wote wa mkoa ule. Mgonjwa huyo ni mimi, Chinguile, fundi wa majiko ya bati. Darasa la sita nimelimaliza, la saba nimelisikia dirishani.

Sikuwa naumwa kitu. Kazi yangu ilikuwa kujifanya. Mwanafunzi wa utabibu akifika mwaka wa mwisho hapimwi kwa karatasi peke yake. Anaingizwa chumbani, anamkuta mtu kitandani, anamhoji, anambonyeza, anampa ushauri, na mtahini ameketi pembeni na fomu yake anatia tiki. Yule wa kitandani ndiye mimi. Nimeumwa pumu, nimeumwa moyo, nimeumwa kifafa mpaka mhubiri mmoja aliyekuwa akipita njia akaingia akaniombea, nilipoinuka akaondoka akijisifu. Mwaka mmoja niliumwa figo vizuri kiasi kwamba daktari mgeni aliagiza niandaliwe upasuaji, na ilibidi nikimbie na shuka lao. Hapa duniani kuna watu wanaoumwa, halafu kuna mimi.

Sasa sikilizeni jambo la mstari, maana bila mstari hadithi hii haina miguu.

Zamani pale chuoni mstari wa kufaulu ulikuwa hamsini. Hamsini umepita, arobaini na tisa umeanguka. Kwa nini hamsini? Hakuna aliyejua. Ilikuwa pale kama jiwe la njiani, watu wanalizunguka na hakuna anayeuliza nani aliliweka. Ndipo Mkuu wa chuo, Dokta Mkwanda, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, akasema kwamba chumba chepesi na chumba kigumu haviwezi kuwa na mstari mmoja. Akaleta desturi mpya. Mtahini atatia tiki zake, lakini chini ya fomu, kabla hajajumlisha, ataandika neno moja jinsi alivyomwona yule mtu mzimamzima: Anaweza, au Mpakani, au Hawezi. Jioni wanakusanywa wale wa Mpakani peke yao. Alama zao zinajumlishwa, zinagawanywa, na pale zinapoangukia ndipo mstari wa chumba unapochorwa. Chumba kikiwa kigumu, watu wa Mpakani watapata kidogo na mstari utashuka wenyewe. Kikiwa chepesi, watapata nyingi na mstari utapanda.

"Mpaka wanaujua wanaoishi mpakani," alisema Dokta. Hata mimi wa darasa la sita nikaona huyu mtu ana akili.

Na desturi ile ilifanya kazi. Ilifanya kazi miaka minne, mpaka ukafika mwaka wa tumbo langu.

Mwaka ule nilipewa karatasi ya ugonjwa. Tumbo linachoma juu ya kitovu, wiki tatu. Choo cheusi. Chanzo ni vidonge vya maumivu anavyovimeza kila siku kwa ajili ya mgongo, ananunua dukani. Asivitaje mpaka aulizwe habari za dawa. Akiulizwa, avitaje. Basi. Kuvijua vidonge vile kulikuwa na alama kumi peke yake, na ilikuwa haki, kwa sababu tabibu asiyevijua atakupa dawa ya tumbo, nawe utarudi nyumbani kuendelea kumeza kile kile kinachokutoboa.

Mtahini wa chumba alikuwa Sista Nambunga, muuguzi mwenye miaka thelathini kazini, mwanamke anayeweza kunyamaza mpaka ukakiri kosa ambalo hujalifanya.

Wengi waliingia siku ile. Kuna waliopita kwa raha na walioanguka kwa raha, na hao wote hawamo humu. Habari yangu ni ya watatu.

Kengele ikalia. Akaingia Somoe.

Somoe alikuwa na miaka thelathini na sita. Miaka tisa alikuwa mhudumu wa wodi, akipiga deki, akimwaga mabeseni, akitandika vitanda, na jioni akisoma masomo ya sekondari mpaka akaingia chuo. Mtihani huu alikuwa ameshaanguka mara mbili. Kanuni ya Kilimanyuki ilisema ukianguka chumba kimoja umeanguka mtihani wote, na mara ya tatu ndiyo ya mwisho, ukianguka unarudi ulikotoka. Somoe alikotoka ni kwenye deki.

Akanawa. Akasalimia. Akasugua viganja vipate joto. Akabonyeza, mkono tumboni, macho usoni pangu.

"Baba, kuna dawa yoyote unayotumia?"

Hapo karatasi iliniambia nivitaje. Lakini ilikuwa asubuhi, nimelala vizuri, sanaa imenipanda. Nikajiuliza, mwanamume wa huku kwetu hukiri upesi namna hii? Nikageuza uso ukutani.

"Dawa ya nini, mwanangu? Mimi na dawa hatusalimiani."

Akanitazama. Sista naye akanitazama. Kalamu ya Sista ikasimama hewani, ikarudi chini bila kutia tiki. Somoe hakuuliza tena. Akanishusha shati, akanishika bega nikakaa, akasema taratibu, "Sawa, baba. Kesho asubuhi urudi, uje na mama wa nyumbani. Mwambie abebe mfuko wa kila kitu kilicho chini ya mto wako."

Nilishtuka, nisiwafiche. Kwangu vitu viko chini ya mto kweli.

Lakini fomu haikuwa na mahali pa kutia tiki kwa ajili ya mto. Alama za Somoe: hamsini na sita. Neno: Anaweza.

Kengele ikalia. Akaingia Litumbe.

Litumbe alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Bwenini walimwita Kasuku, kwa kuwa alikuwa amekariri fomu za mitihani ya miaka mitano. Akanawa. Akasalimia. Akabonyeza, mkono tumboni, macho darini.

"Maumivu yalianza lini?"

"Wiki tatu."

"Vizuri. Choo rangi gani?"

"Cheusi kama lami."

"Vizuri. Unavuta sigara?"

"Sivuti. Ila jana nilizimia mara mbili."

"Vizuri. Unatumia dawa yoyote?"

Nikakana kama nilivyokana kwa Somoe. Akasema vizuri. Akanishauri ninywe maji mengi na kupunguza pilipili, akatoka. Kila swali aliloliuliza lilikuwa kwenye fomu, na kila lililokuwa kwenye fomu alikuwa ameliuliza. Alama za Litumbe: hamsini na saba. Neno: Hawezi.

Ikafika saa saba. Tukaletewa wali na maharage na vipande vya samaki, nikala sahani mbili. Jamani, mtu aliyebonyezwa tumbo mara kumi na moja, kisha akashiba wali, sanaa yake hushuka yote miguuni. Mchana ule nilikuwa na hamu moja tu, kumaliza.

Kengele ikalia. Akaingia Zamoyoni.

Zamoyoni alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mdogo kuliko wote darasani. Akanawa, maji yakamfika kiwiko na mengine yakanifika mimi. Akasalimia. Akabonyeza kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu uji kama umepoa. Akauliza hili, akauliza lile. Habari za dawa hakuuliza. Maswali yakamwishia. Nikaona machozi yako njiani. Nami nina mabinti wanne, tena nilikuwa na usingizi.

Nikasema, "Halafu kuna vile vidonge vyangu vya mgongo, navimeza kila siku. Navyo vina neno?"

Uso wake ukafunguka. "Hivyo hivyo, baba. Hivyo ndivyo vinavyokuchoma. Uache leo." Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanieleza kwa nini vinatoboa na mgongo niutibu vipi, kwa maneno ambayo hata mama mkwe wangu asiyemsikiliza mtu angeyasikiliza. Alama za Zamoyoni: sitini na sita. Neno: Mpakani.

Na si Zamoyoni peke yake. Mchana ule kila aliyesahau kuuliza nilimkumbusha. Niligawa vidonge vile kama karanga za msibani.

Jioni watu wa Mpakani wakakusanywa. Nusu yao ni wa asubuhi, nusu yao ni wa mchana, na wa mchana kila mmoja amebeba alama kumi zangu. Zikajumlishwa, zikagawanywa, mstari ukaangukia sitini. Majina yakabandikwa ubaoni. Zamoyoni yuko juu ya mstari. Somoe na Litumbe wako chini.

Nilikuwa nimesimama hapo ubaoni nikisubiri nisifiwe. Zamoyoni akaja mbio, akanishika mikono yote miwili.

"Shikamoo baba. Nakushukuru. Bila vile vidonge vyako nilikuwa nimekwisha."

Nyuma yake alikuwa amesimama Somoe. Hakuwa analia. Alikuwa anasoma jina lake kama mtu anayesoma kibao cha kaburi.

"Vidonge gani?" akauliza.

Zamoyoni akamweleza kwa moyo mweupe. Somoe akanigeukia mimi.

"Mimi na dawa hatusalimiani," akasema, kwa sauti yangu mwenyewe, na aliipata kabisa. "Twende kwa Dokta, baba. Na wewe, mdogo wangu, twende."

Litumbe alikuwa na masikio yanayofika mbali likija suala la alama. Tulipofika mlangoni kwa Dokta alikuwa ameshatangulia kubisha.

Dokta Mkwanda akasikiliza yote bila kukatiza. Akamwita Sista Nambunga. Akafunga mlango. Nje gari la kupeleka matokeo wilayani lilikuwa limeshawashwa, na majina ya chumba changu tu ndiyo yaliyokuwa yanasubiriwa.

"Kila mtu aseme lake," akasema. "Mara moja, na kwa kifupi."

Akaanza Somoe. "Haki yangu ni hii. Niliuliza. Karatasi yake inasema akiulizwa ataje. Niliuliza, hakutaja. Na alipoficha sikumwacha aende zake na sumu yake. Miaka tisa nimetandika vitanda vya wodi, Dokta. Nimevitoa vidonge chini ya mito ya watu walioapa kwa Mungu hawamezi kitu. Nilijua vipo. Mkinirudisha kwenye deki nitakwenda, lakini msiseme sikujua."

Akafuata Litumbe. "Haki yangu ni hii. Mimi nami niliuliza. Kama Somoe anarudishiwa chake, changu kiko wapi? Yeye ana hamsini na sita, mimi nina hamsini na saba. Nifundisheni hesabu ambayo hamsini na sita inapita na hamsini na saba inaanguka, nikawafundishe wenzangu."

Sista akasema, "Mgonjwa alikwambia amezimia mara mbili. Ukamjibu vizuri."

"Kuzimia hakukuwa kwenye karatasi yake, Sista. Alijiongezea. Natahiniwa kwa fomu yenu au kwa mbwembwe za fundi majiko?"



Akafuata Zamoyoni. "Haki yangu ni hii. Sikumwomba. Mtu akikutajia mwenyewe kinachomuua, uzibe masikio ati hujamuuliza? Aliniambia, nami nilijua la kufanya. Sista ni shahidi, nilimweleza vizuri. Na jina langu liko ubaoni. Nimeshampigia mama simu, na mama ameshampigia kila mtu. Mtu akishapewa, ananyang'anywa kwa kosa la aliyempa?"

Dokta akamgeukia Sista. "Na wewe?"

"Mimi niliandika neno. Niliandika Anaweza kwa Somoe na Hawezi kwa Litumbe kabla sijajumlisha, kama ulivyotuagiza. Neno langu lipo pale kwa wino. Lifuateni."

"Somoe alifanya kazi wodini kwako miaka tisa, Sista."

"Ndiyo. Ndiyo maana namjua."

"Ndiyo maana siwezi kulifuata neno lako peke yake." Dokta akapekua fomu. "Na mchana ulipomwona Chinguile anagawa vidonge, mbona hukumkataza?"

"Mtahini haongei chumbani," akasema Sista. "Kanuni hiyo uliandika wewe."

Dokta akaniangalia mimi.

Nami sikuogopa. Nikasimama. "Dokta, mimi siwezi kulaumiwa kwa kuigiza vizuri mno. Mgonjwa wa kweli ndivyo alivyo. Asubuhi anaona haya, anaficha. Mchana amechoka kuumwa, anasema yote hata kwa mfagizi. Niliwapa ukweli mtupu."

"Uliwapa wagonjwa wawili," akasema Dokta. "Mimi niliagiza mmoja."

Sista akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka, ila kwa Sista huwezi kuwa na hakika.

"Warudie mtihani," nikasema, nikijaribu kusaidia. "Nitaumwa sawasawa kwa wote, naapa."

"Warudie nini?" akasema Litumbe. "Habari za vidonge zimeshafika jikoni. Hata mpishi sasa anajua kuulizia dawa."

Dokta akaweka fomu tatu mezani, moja pembeni ya nyingine.

"Sikilizeni jinsi ninavyoona," akasema. "Nikiuacha mstari pale sitini, nimefuata desturi niliyoileta mwenyewe. Zamoyoni anapita, Somoe na Litumbe wanaanguka. Lakini mstari huo haukuchorwa na watu wa Mpakani. Umechorwa na usingizi wa Chinguile. Na huyu binti nitampeleka zahanati bila kujua kama atakumbuka kuuliza siku ambayo hakuna wa kumkumbusha."

Zamoyoni akainamisha kichwa.

"Nikizitoa zile kumi za mchana kwa wote waliopewa bila kuuliza, mstari unashuka mpaka hamsini na tano. Zamoyoni anabaki na hamsini na sita, anapita. Somoe ana hamsini na sita, anapita. Litumbe ana hamsini na saba, naye anapita. Ni haki kwa hesabu. Lakini mwezi ujao Litumbe atakuwa tabibu peke yake kwenye kijiji kisicho na daktari wala barabara, na mtu atamwambia nimezimia, naye atamwambia vizuri."

"Nitajifunza," akasema Litumbe, na hapo kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama mtu usoni.

"Na kwa nani utajifunza?" akauliza Sista.

Litumbe akarudisha macho darini.

"Nikilifuata neno la Sista," Dokta akaendelea, "Somoe anapita peke yake. Huenda ndiye tabibu bora kati ya watatu hawa. Mimi mwenyewe ningelala mbele yake anibonyeze. Lakini nikifuata neno bila alama, fomu ni za kazi gani? Mwakani kila mtahini ataandika Anaweza kwa mtoto wa shangazi yake, naye atasema anamjua."

"Mimi si mtoto wa shangazi wa mtu," akasema Somoe. "Sina hata huyo shangazi."

"Najua, Bi Somoe. Lakini mstari nikiuchora leo, utawapata na wa mwakani."

Nikamuuliza, "Kwani Somoe na Litumbe huwezi kuwaongezea zile kumi? Si waliuliza?"

"Alama kumi zile si za kuuliza. Ni za kuvijua vidonge. Litumbe hakuvijua mpaka jioni hii."

"Mimi je?" akasema Somoe.

Dokta akaitazama fomu yake muda mrefu. "Wewe ulijua kwamba kuna kitu. Kitu gani, hukujua."

"Ningekijua kesho asubuhi, mfuko ukifunguliwa."

"Mtihani ulikuwa leo."

Gari likapiga honi. Dereva akachungulia dirishani, akaziona nyuso zetu, akarudi kimya kimya kwenye usukani. Dokta akachukua kalamu, akaifungua. Somoe alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuambiwa abebe ndoo ipi.

Alichokiandika Dokta Mkwanda nakijua, maana mimi nina shingo ndefu na nilichungulia. Ila siwaambii. Mkiambiwa mtaacha kufikiri, mseme Dokta alisema hivi, mwende zenu mkale.

Nijibuni ninyi kwanza. Wala msinijibu kwamba kosa ni la Chinguile. Hilo nimelisikia mpaka kwa mke wangu, na halimpeleki mtu zahanati wala halimrudishi mtu kwenye deki. Kosa tuliligawana: mimi niliyebadilika, Sista aliyeona akanyamaza, Dokta aliyeandika kanuni ya kunyamaza. Karatasi iliyobaki mezani ni ya wale watatu, na kijiji kisicho na barabara kinasubiri mtu wa kwenda kuwabonyeza watu wake matumbo.

Somoe alijua bila kuambiwa. Litumbe aliuliza bila kusikia. Zamoyoni aliambiwa bila kuuliza.

Kalamu ningekupa wewe unayenisikiliza, mstari ungeuchora wapi? Na je, kati ya watatu hao, nani alistahili kupita?